Chai Niliyompikia Mke Wangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimezaliwa Myamba huku juu, kwenye nyumba ya udongo, nikaishia darasa la nne, na siku naacha shule nilikuwa miguu mitupu na jembe la kuazima. Leo nina Fuso mbili, ghala la tofali za kuchoma, na nyumba ya bati la rangi ambayo hata mgeni akiuliza njia huelekezwa kwa hiyo. Nimeona lori langu limelala ubavu kwenye kona za kushukia Gonja, magunia yote ya tangawizi yametapakaa korongoni, nikakaa juu ya jiwe nikamaliza muwa wangu ndipo nikapiga simu. Nimeona mlima unatembea wakati wa masika unachukua nusu ya shamba. Nimeona bei inaanguka asubuhi nimepakia, mchana haifiki ya mafuta. Sikushtuka. Vijana wangu wa kupakia walikuwa wanasema, huyu mzee hata akifufuka mtu mbele yake atamuuliza kama ana tangawizi ya kuuza.

Jambo lingine wanalonijua nalo ni kutaja bei. Ukiniuliza habari ya gari, kabla sijakwambia linakwendaje nimeshakwambia nimelinunua kwa shilingi ngapi. Mlango wa ghala nitakutajia, kochi nitakutajia, suti niliyovaa siku ya harambee ya kanisa nitakutajia na fundi aliyeishona. Mke wangu alikuwa ananicheka. "Mzee, wewe siku ya kufa utamtajia Mungu bei ya jeneza."

Yeye kwao ni Suji, na alifika kidato cha nne. Mimi nilijua kuzidisha kichwani haraka kuliko mashine, yeye alijua kusoma. Kila karatasi iliyoingia nyumbani, ya benki, ya mamlaka ya mapato, ya mahakama, ilipita kwake kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kunidhulumu kwa maandishi, na hiyo si akili yangu, ni yake. Siku zile sikuwa nasema hivyo mbele za watu.

Hatukupata mtoto. Mimba nne zilitoka, ya mwisho ikiwa na miezi sita. Ndugu zangu wakagawanyika. Wengine walitaka nioe mwingine. Baba yangu mdogo yeye alisema mafuvu ya mababu yaliyohifadhiwa kule kwenye mapango yametelekezwa, hakuna aliyepeleka pombe wala mbuzi tangu babu afe, na wale wazee hawawezi kukaa kimya. Mimi ni Mlutheri. Nikakataa la mke wa pili na nikakataa la mbuzi, na kukataa kwenyewe nikakugeuza kuwa sifa. Gulioni nilikuwa nasema, mwanaume mwenye mali kama yangu kukaa na mke mmoja asiye na mtoto si kitu kidogo. Nilisema hivyo na yeye akiwapo, anachagua nyanya.

Miaka mitatu iliyopita mguu wake wa kushoto ulivimba mpaka viatu vyote vikakataa. Hospitali ya Same wakatuandikia barua, tukaenda hospitali ya rufaa. Wakachukua damu, wakatuambia turudi baada ya wiki kumi na mbili, wakachukua tena. Kule tukampata daktari, mwanamke mdogo ambaye ningeweza kumzaa, mwenye sauti ya chini ya kukulazimisha uiname kumsikiliza. Akatuchorea kwenye karatasi. Alisema mwili una walinzi wake wa kupambana na maradhi, na kwa mke wangu walinzi hao wamekosea mlango, wanaishambulia damu yake mwenyewe. Damu ya mtu inatakiwa igande pale penye jeraha tu. Ya kwake inaganda popote, bila jeraha. Leo mguuni, kesho inaweza kuwa pafu, figo, hata ubongo. Akasema si ugonjwa wa watu wengi. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu, kwamba hata zile mimba nne huenda ndiyo hii iliyozichukua, damu iliganda kwenye kondo la nyuma watoto wakakosa chakula.

Mke wangu akamwangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Hukukosea kitu."

Akafunika mdomo kwa upande wa khanga. Mimi pale pale nikauliza dawa ni shilingi ngapi.

Dawa ilikuwa vidonge vidogo vya kufanya damu isigande. Kimoja kila siku, saa ile ile, na masharti yake ni kama ya jeshini: usiache hata siku moja, kila mwezi upime uone damu imekuwa nyepesi kiasi gani, na mboga za majani ule kipimo kile kile, si leo sufuria nzima kesho hakuna. Mke wangu aliyashika masharti hayo kama katekisimu. Mchicha aliupima kwa kikombe. Kwenye kalenda ya jikoni aliweka alama kila jioni. Vidonge tulichukua Same, duka la dawa moja linaloendeshwa na mama mmoja mpole ambaye alikuwa na daftari lake la wagonjwa wa kudumu, akikuona unaingia anatoa boksi kabla hujasema. Miaka miwili ikapita hivyo. Mguu ukapona, akanenepa, akaanza tena kuimba kwaya.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu sehemu hii sijawahi kumwambia mtu.

Siku moja ya kliniki mke wangu alikuwa chumba cha pili anatolewa damu. Mimi nimebaki na daktari. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia tangawizi, nikamwambia na ghala, nikamwambia na bei ya ghala. Akacheka kidogo.

"Basi nyumbani mnaitumia sana?"

"Daktari, sisi tangawizi tunaogea."

Akaacha kucheka. Akasema niangalie mama asizidishe, kwa kuwa tangawizi nyingi nayo inaifanya damu kuwa nyepesi, na ikikutana na dawa hii anaweza kutokwa damu isikatike. Apunguze, akasema. Alilisema mara mbili.

Maneno yale yalikuwa na vipande viwili, na mimi nikatoka mle ndani nimebeba kimoja. Mkulima wa kahawa asingefanya kosa hili, wala mfuga mbuzi wa kule chini Kisiwani. Lazima uwe mtu uliyelala juu ya magunia ya tangawizi maisha yako yote, uliyefanywa mtu na tangawizi, halafu daktari wa hospitali kubwa, mwenye koti jeupe, akuambie kwamba hicho kitu chako ni dawa. Nilikua mrefu ghafla. Njiani kurudi sikumwambia mke wangu neno, nilikuwa naonja ile habari peke yangu. Gulio lililofuata Myamba nzima ilijua. Nilikuwa naokota kipande cha tangawizi chini nakiinua juu. Mnaona hii? Madaktari wakubwa wanaijua hii.

Mwezi wa saba vidonge vilikaribia kuisha. Ulikuwa msimu, watu wanachimba, foleni ya magunia imefika barabarani, na kushuka Same na kupanda ni siku nzima. Ningeweza kumpa bodaboda hela akavileta. Ningeweza kumpa dereva wangu mwenyewe, aliyekuwa anashuka kila siku. Sitaki kusema nilisahau. Sikusahau, na wala haikuwa ubahili, ingawa watani wetu Wachagga watasema ni ubahili. Nilitaka iwe kweli. Nilitaka siku moja niseme, mke wangu kaponywa na shamba langu.

Nikamwambia jikoni, amesimama mbele ya kalenda yake, kwamba vidonge tuviache, chai ya tangawizi inatosha.

"Daktari ndiye aliyesema?" akauliza.

"Daktari mwenyewe. Kwa mdomo wake. Tangawizi inafanya damu iwe nyepesi."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Ulikuwa unatolewa damu."

Alinitazama. Yeye aliyesoma kila karatasi iliyoingia nyumbani kwangu, hili lilikuwa jambo la kwanza kulipokea kutoka mdomoni mwangu bila karatasi. Halafu akacheka.

"Basi miaka yote hii tumelala juu ya dawa, tukawa tunaifuata Same."

Kuanzia siku hiyo chai nikampikia mwenyewe. Mimi, ambaye sijawahi kuwasha jiko tangu nioe. Nilitwanga tangawizi mbichi kwenye kinu, nikachemsha mpaka inawasha macho, vikombe vitatu kwa siku. Kwenye kalenda akaendelea kuweka alama, alama ya chai sasa. Mwezi wa kliniki ulipofika nikasema tutakwenda mwezi ujao, msimu ukipungua. Alikuwa na nguvu. Na mimi nikazidi kusema gulioni.

Wiki ya saba ya chai ile akapata mafua, mafua ya kawaida tu ya baridi ya huku juu. Kikohozi, homa kidogo. Siku ya tatu vidole vya miguu vikawa na rangi ya zambarau, kama mtu aliyekanyaga zambarau kweli. Nikadhani ni baridi, nikamvisha soksi. Siku ya nne asubuhi alikuwa anahema kama amepanda mlima, na mkojo ukawa hautoki. Aliniita kwa jina la kaka yake. Nikamweka mbele kwenye Fuso, nyuma kuna magunia tayari yamepakiwa, hatukupata muda wa kuyashusha. Tulishuka mlima na mzigo wangu wote mgongoni mwetu, dereva anashika breki kila kona, na harufu ya tangawizi imejaa mle ndani.

Hospitali ya rufaa daktari yule yule. Alimwangalia vidole, akamsikiliza kifua, wakakimbia na damu yake maabara. Aliporudi akaniambia damu imeganda kila mahali kwa wakati mmoja, kwenye mapafu, kwenye figo, kwenye mishipa midogo ya kichwa. Alisema ugonjwa ule ule, ila safari hii umeamka wote kwa pamoja. Hutokea mara chache sana, na mara nyingi huamshwa na maambukizi, au na kuacha dawa.

"Amekosa dawa?"

"Hata siku moja."

"Mzee, kipimo kinasema damu yake haina dawa kabisa."

Halafu nikasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nikiwa natembea, nasimama. Nikasema basi lile duka la Same wametuuzia vidonge feki. Nikasema nitawashtaki. Nikapandisha sauti, nikatamka mahakama, nikatamka wakili wangu na bei ya wakili wangu. Nesi mmoja Mchagga akamnong'oneza mwenzake kwamba Wapare bwana, mgonjwa hajalazwa kesi imeshafunguliwa. Wakatabasamu. Mimi nikafurahi kwamba wanatabasamu, kwa maana wameamini.

Walimpa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, wakampa dawa za kuwatuliza wale walinzi wake, wakamwunganisha na mashine ya kutoa maji ya damu na kumwekea mengine. Bima sikuwa nayo. Bima nilikuwa nasema ni ya watumishi wa serikali, mwanaume ana mfuko. Kila karatasi waliyoniletea nikalipa kwa simu, nimesimama, sikai.

Siku ya tano aliamka, akili zimerudi. Saa nne asubuhi waliniruhusu niingie. Vidole vyake vya mikono navyo vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi nchani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno toka kwenye benchi la nje, nimeyapanga kama magunia, la kwanza, la pili, la tatu. Yeye akaniwahi.

"Chai yangu umeleta?"

Sikuelewa.

"Siku tano sijanywa. Ndiyo maana nazidiwa. Wape hawa wanipe chai yangu."

Nikatoka. Nilikwenda mpaka kwenye kibanda cha mama lishe nje ya geti, nikamwomba maji ya moto na tangawizi. Alikuwa na ya unga, ya paketi. Nikainunua hivyo hivyo, mimi wa kununua tangawizi ya paketi, akanijazia kwenye chupa ya chai. Sijui nilifikiri nini. Nilifikiri labda akiiona mezani atatulia. Nikarudi nayo, nikakutana na daktari mlangoni. Akaninyang'anya chupa kwa upole, akafungua kifuniko, ikamfikia puani.

Alikaa nayo mkononi, kifuniko mkono mwingine.

"Mzee. Nilikuambia apunguze."

"Nilisikia."

"Ulimpa badala ya vidonge?"

Alifunga kifuniko taratibu, akazungusha mpaka mwisho, akanirudishia. Angenitukana ningejua la kufanya, matusi nimeyazoea. Aliingia ndani kwa mgonjwa, akauvuta mlango, na kupitia kile kioo kidogo nikamwona anamwinamia mke wangu na kumpangusa midomo kwa pamba yenye maji.

Alifariki kesho yake mchana, kabla sijayasema yale niliyoyapanga. Mara ya mwisho aliponiona nilimwambia chai inakuja.

Tukampandisha mlimani. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba aliyoipanda yeye. Na hapo msibani habari ya duka la Same ilikuwa imeshatangulia kufika. Nilikuwa nimemwambia dereva ili tu niseme kitu, na dereva ana mdomo. Wanawake wakalilaani duka lile wakiwa wanamenya ndizi. Nikasikia. Nikapita.

Kwetu msiba haukosi watani. Kuna Mchagga mmoja wa Kibosho tunayefanya naye biashara miaka kumi na mitano, ananunua mzigo wangu. Alipofika alipokelewa kwa kicheko cha machozi, kwa kuwa kila mtu alijua atafanya nini. Jeneza limeletwa kando ya kaburi, mchungaji amefungua kitabu, Mchagga akalala chali juu ya lile rundo la udongo na kusema hazikwi mtu mpaka yeye alipwe. Akainuka akachukua kofia yangu, akaivaa, akatoa tumbo, akatembea kama mimi. Alinipatia kabisa.

"Mnaona jeneza hili? Mninga huu! Laki nane! Haya mashada? Elfu ishirini kila moja! Nyie mnaolia hapo, machozi yenu bei gani? Mimi yangu nimeagiza Dar!"

Watu walicheka mpaka wazee wakashika fimbo zao. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Ndiyo kazi ya mtani, kulipasua jipu. Halafu akanijia mbele, akanivua miwani, akanitazama machoni, na utani ukiwa bado mdomoni akasema:

"We Mpare. Kila kitu unatajaga bei. Haya, huyu mwanamke alikugharimu kiasi gani? Taja tumzike."

Uwanja mzima ukaningoja. Ilikuwa nafasi yangu. Sitaipata nyingine kama ile, kijiji kizima kimekaa, mchungaji yupo, mashemeji zangu wa Suji wapo, na yeye mwenyewe yupo pale ndani ya mninga. Nilifungua mdomo, na mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Milioni kumi na nne, laki tatu na elfu themanini."

Watu wakaguna kwa heshima. Mzee mmoja akasema, huyu amempigania mkewe. Mtani akanirudishia kofia, akaikung'uta vumbi kwanza, akanikumbatia, akaniambia sikioni pole sana kaka yangu. Wakamshusha.

Baada ya arobaini nilishuka Same. Yule mama wa duka la dawa alikuwa peke yake, amekaa nyuma ya kioo anafuta rafu. Aliniambia pole baba, akaniuliza kama nimekula. Hakuniuliza kuhusu yale maneno. Alifungua tu lile daftari lake, bila hasira, akanigeuzia upande wangu, ingawa anajua kusoma kwangu ni kwa shida. Jina la mke wangu, na mistari yake ya kila mwezi, halafu mistari miwili mitupu.

"Nilidhani mmehamia duka la Moshi," akasema. "Siku hizi watu wa milimani hawaji tena. Sijui kwa nini."

Anajua kwa nini. Nami nikasimama pale mbele ya kioo, mwanaume wa Fuso mbili, nikashindwa. Nikamwambia anipe vidonge vya mwezi mmoja. Akaniangalia. Anipe vya nani? Nikasema anipe tu. Vidonge thelathini, mia tatu na ishirini kimoja. Akavihesabu kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika juu yake kimoja kila siku, kwa mazoea.

Nimeviweka jikoni, chini ya kalenda. Haya ninayaandikisha kwa sababu mdomo wangu umeshindwa mara tatu, mbele ya daktari, mbele ya kaburi na mbele ya kile kioo. Duka halikutuuzia vidonge feki. Hatukununua. Nilimpa mke wangu chai nikamwambia daktari kasema. Watu wa Myamba, rudini kwa yule mama. Na ile bei niliyoitaja makaburini haikuwa kamili, mimi ambaye sijawahi kukosea hesabu, niliacha hivi vidonge thelathini vilivyo chini ya kalenda, ambavyo yeye alitakiwa kumeza. Nikivitia, ni shilingi milioni kumi na nne, laki tatu, elfu themanini na tisa na mia sita.